Mimba ya Paka wa Betri

Siku binti yangu aliponipigia simu kuniambia kwamba amemtumia bibi yake paka wa betri, nilimwuliza kama ana homa. Pangani hii paka wamejaa mpaka wanajua kuliko sisi siku ipi samaki wazuri wanaingia sokoni, halafu mtu atoe pesa yake Ulaya kununua paka asiyekula? Nilisema mengi. Yeye aliniacha nimalize. Kazi yake huko aliko ni kulea wazee, na amezoea watu wakali. Nilipopumua akaniambia taratibu, "Mama, huyu hatoroki."

Hapo alikuwa amegusa penyewe.

Wakati huo mama yangu alikuwa hatulii nyumbani. Ugonjwa wa kusahau ulimwingia kidogo kidogo. Kwanza yalikwenda majina ya watu, kisha vyungu alivyobandika jikoni, kisha miaka yenyewe. Ikifika alasiri alikuwa akichukua mkoba wake, anajitanda kanga, anashika njia ya kivukoni. Anakwenda kwao Mkwaja, kwa mama yake, ambaye tulimzika mimi nikiwa bado msichana mdogo. Wafanyakazi wa pantoni walimjua. Walikuwa wakimkalisha kivulini, wanampa maji, wananipigia simu. Nami nilikuwa naacha cherehani na gauni la mteja likiwa bado limebanwa chini ya sindano, nakwenda kumrudisha, huku akinisuta njia nzima kwamba namzuia kwenda kumwona mzazi wake.

Kabla ya hapo tulikuwa na paka wa kweli, mweupe, mkia kipande. Mama alimpenda sana, na hilo ndilo lililokuwa tatizo. Paka akitoka kwenda kwenye starehe zake, mama naye anatoka kumtafuta. Mwishowe nikamhamishia yule paka kwa jirani yangu wa mkabala, shoga yangu wa tangu shuleni, na mpaka leo ananidai shukrani kwa mzigo ule.

Kilichoharibu mambo ni siku moja ambapo pantoni ilikuwa na mkata tiketi mgeni. Akamwona bibi kizee mwenye heshima zake, akamsaidia kupanda, akamvusha. Tulimkuta ng'ambo, ameshakipita kijiji cha Bweni, yuko kwenye barabara ya Mkwaja, ndala moja mguuni na nyingine mkononi, anatembea kama mtu aliyechelewa shughuli. Hakuwa ameumia. Alipotuona alitusalimu vizuri tu, akatuuliza tunatoka wapi na jua lote lile.

Lakini kaka yangu wa Dar es Salaam alipopata habari hakutaka kusikia neno. Kaka ndiye mkubwa wetu, mtu wa kunyoosha mambo. Tangu utotoni hakuna kitu kilichopinda kikakaa mbele yake kwa amani. Akasema, "Nitakuja kumchukua kabla ya Ramadhani. Kwangu kuna geti na mlinzi. Huko kwako kuna nini? Kuna mto."

Kwake ni ghorofa ya nne. Nilimwambia mama hajapata kuishi mahali ambapo akifungua mlango hakuna mtu wa kumsalimu. Hapa mjini, hata siku anayosahau jina lake mwenyewe, wapitao barazani wanamkumbusha: "Shikamoo, Bi Mkunga." Naye anaitika, "Marahaba, mwanangu," na uso unamrudia. Nilijua tukimtoa hapa, hicho kidogo kilichobaki cha mama yangu kitakwisha kabla gari halijafika Segera. Nilimwambia kaka hivyo, nikalia, kisha nikamkatia simu kwa hasira. Haikusaidia kitu. Kaka akisema atakuja, huja.

Basi ndipo alipofika paka, ndani ya sanduku la mtu aliyekuwa akirudi likizo. Alikuwa wa rangi ya kijivu, manyoya marefu, masharubu meupe. Ukimgusa kichwani anafumba macho. Ukimgusa mgongoni analia nyau, ananyanyua mkono mmoja kama anayetaka kujilamba, halafu anaacha. Na ukimkumbatia anaanza kukoroma tumboni, mtetemo wa chini chini kama wa paka aliyeshiba. Shoga yangu alikuja kumwona siku hiyo hiyo. Paka alipomkonyeza, alirudi nyuma mpaka akaukalia mkeka wangu wa maandazi.

"Lahaula! Huyu ana wenyewe huyu!"

"Ana betri," nikamwambia. "Na hayo maandazi umeyanunua."

Nilicheka, lakini moyoni nilikuwa na haya. Mama yangu amepokea watoto wa mji huu kwa mikono yake, nusu ya wanaume wanaojidai pale sokoni aliwaona wakiwa uchi wanalia. Leo nikamkabidhi mwanasesere? Niliona kama namtukana. Nilimweka paka kwenye kitanda cha kamba pale uani, nikajifanya nachambua mchele, ili nisiutazame uso wake.

Mama alimwangalia paka kwa muda. Hakusema paka mzuri, wala hakumwita. Aliinuka, akaenda kwenye ndoo, akanawa mikono mpaka viwikoni, kwa sabuni, polepole, kidole kwa kidole. Nilikuwa sijamwona akinawa hivyo kwa miaka. Akarudi, akakaa, akamlaza paka chali, akafumba macho, akaanza kumpapasa tumbo.

Sasa, chini ya manyoya yale, tumboni, ndimo lilimo kasha la betri. Ni gumu, refu kidogo, na limelala kutoka ubavu huu mpaka ubavu huu.

Mama alifumbua macho. "Huyu ana mimba," akasema. "Pevu. Na mtoto amekingama."

Mchele ulinimwagika.

Lazima nieleze jambo moja kuhusu mama, vinginevyo msomaji hataelewa kwa nini mchele ulinimwagika. Alikuwa mkunga wa zamani, wale waliofundishwa na mama zao na baadaye wakapelekwa hospitali ya wilaya kuongezewa mafunzo. Na alikuwa na sharti lake moja ambalo mji mzima uliliheshimu: mkono wake ukishagusa tumbo la mwanamke aliyekaribia, haendi safari mpaka kitovu cha mtoto kimekatwa. Havuki mto. Hata afe nani. Marehemu baba alikwenda peke yake Idi ngapi huko Mkwaja, na kikapu cha zawadi kichwani, kwa sababu mkewe ameshagusa tumbo la mtu. Ndoa yangu mimi, bintiye wa pekee, ilifungwa mama hayupo. Alikuwa mtaa wa pili na mwanamke aliyeshikwa na uchungu tangu alfajiri. Alifika jioni, ananuka dettol, akanibusu na kusema, "Wa kike, kama wewe." Nilimnunia mwezi mzima.

Basi ilipofika alasiri ya siku ile, mama aliuchukua mkoba wake kama kawaida. Akajitanda kanga. Mimi nimesimama mlangoni, roho juu, nimeshajiandaa kwa yale masuto ya njiani. Akamtazama paka. Akautazama mkoba. Kisha akautundika tena kwenye msumari.

"Leo siwezi kwenda," akaniambia. "Siwezi kumwacha huyu katika hali hii."

Nilikwenda uani nyuma ya kibanda cha kuni, nikalia mpaka nikachoka, halafu nikashikwa na kicheko, nikashindwa kujua kipi ni kipi.

Tangu hapo mama akawa yuko kazini. Asubuhi anaamka na mgonjwa wake. Anamkanda kwa mafuta ya nazi, anajaribu kumgeuza mtoto kwa viganja, huku akimsemesha, "Geuka baba, geuka, mama yako amechoka." Yale mafuta yalikuwa balaa. Kila mama alipoingia kuoga nilikuwa namnyakua paka, namsugua manyoya kwa mswaki na sabuni ya unga, namkausha kwa kanga, na bado alikuwa akinuka wali wa nazi. Binti yangu alipomwona kwenye simu aliuliza paka amepatwa na nini. Nikamwambia huku kwetu wajawazito wanatunzwa.

Mara nyingine paka alikuwa paka. Mara nyingine alikuwa mke wa mtu, na mama alikuwa akiniuliza mumewe yuko wapi, mbona haji hata kumjulia hali. "Wanaume hawa," anasema, "kutia wanajua." Shoga yangu alikuwa akivuka njia makusudi kila siku ili asikie la siku hiyo. Anakaa, anauliza kwa adabu zote, "Bi Mkunga, anajifungua lini huyu?"

"Leo au kesho, inshallah."

"Leo au kesho," shoga yangu anarudia, anatikisa kichwa, na mimi nalazimika kuinama kwenye cherehani nisionekane.

Sitaki kusema nilikuwa na amani moja kwa moja. Mimi sipendi uongo, na kumdanganya mama ndiyo kabisa. Lakini nikitazama vizuri, sikuwa nimesema uongo wowote. Sikumwambia paka ana mimba. Yeye ndiye aliyeniambia mimi, na mimi nilimjibu kama tulivyokuwa tukimjibu siku zote katika mambo ya kazi yake: "Haya, mama." Na alikuwa anakula. Alikuwa analala. Wapitao walikuwa wanamkuta barazani, paka mapajani, wanamwamkia, naye anawajibu na kuwakataza wasipige kelele. Pantoni ilikuwa inapiga honi kule mtoni, yeye hata hageuki.

Kaka nilimweleza yote. Alinisikiliza mpaka mwisho kisha akasema, "Kwa hiyo sasa mnamchezea mama akili." Nilimjibu neno ambalo mdogo hamjibu mkubwa wake. Akasema tarehe ipo pale pale.

Alikuja siku chache kabla ya mwezi kuandama, asubuhi, na gari lake safi na begi jipya la magurudumu la kuwekea nguo za mama. Alileta na mashine ya kupimia presha, akaiweka mezani kama shahidi. Nilimwandalia chai na mkate wa kumimina. Hakunitazama sana usoni, nami sikumsaidia. Niliingia chumbani nikakunja kanga za mama moja moja, natia begini, na kila moja ilinichoma.

Ndipo nikasikia mama ananiita kutoka uani. Sauti ile sikuwa nimeisikia tangu aache kazi.

"Njoo haraka. Mtoto hachezi."

Nilikimbia. Mama ameweka kiganja kwenye tumbo la paka, uso umekauka. Kule kukoroma kumekoma. Nikamgusa kichwa, macho hayafumbi. Nikamgusa mgongo, kimya. Betri zimekwisha. Katika siku zote ambazo zingeweza kwisha, zilingoja hiyo.

"Tangu lini?" nikauliza, kama mjinga.

"Sasa hivi. Alikuwa anacheza, sasa hivi." "Chemsha maji. Nani huyo mwanamume? Mwambie atoke, hapa si mahali pa wanaume."

Kaka alikuwa amesimama kwenye mlango wa uani. Alikuwa amekuja kuona kuna nini. Nilimsukuma mpaka sebuleni. Nyumbani hakuna betri hata moja, saa ya ukutani ilishasimama siku nyingi na rimoti tulikuwa tunaipiga kofi. "Betri," nikamwambia kaka. "Nne. Zile ndogo. Nakuomba kwa haki ya mama, usinihutubie sasa."

Nilitegemea anihutubie. Alikuwa akitazama uani juu ya bega langu. Mama ameinama juu ya paka, anamwambia pole kwa sauti ya chini, machozi yanamdondoka, na viganja vyake vinamzunguka tumboni bila kukosea hata mara moja. Sijui kaka aliona nini pale ambacho simu haikuweza kumwonyesha. Alichukua mashine yake ya presha, akaigeuza, akafungua kifuniko, akazitoa betri zote nne, akanikabidhi mkononi.

"Atanawa mikono," nikamnong'oneza. "Hagusi tena bila kunawa."

Na kweli, mama alikuwa ameshaielekea ndoo. Anajipaka sabuni mpaka viwikoni, kidole kwa kidole. Sikupata kuushukuru utaratibu wa mama kama siku ile. Nilimgeuza paka, nikafungua tumbo lake, nikatoa betri za zamani nikazitia kifuani. Nikatia mpya, moja nimeigeuza vibaya, nikairudia, nikafunga. Mama akarudi anadondosha maji. Akakaa. Akafumba macho, akaweka kiganja.

Paka akakoroma.

"Alhamdulillahi," mama akasema. "Amecheza. Amecheza, mwanangu!" Akanishika mkono akauweka pale tumboni ili nami nisikie, na uso wake ulikuwa umejaa furaha ambayo sikuwahi kuiona, kwa sababu zamani furaha hiyo aliionea katika nyumba za watu wengine. Nilisikia. Wallahi nilisikia mtoto anacheza.

Kaka alikuwa amerudi mlangoni, leso machoni. Mama akamwona. Akamtazama kuanzia viatu mpaka kofia, kwa ule ukali wake wa kazini, na mimi nikaona moyo wa kaka ukishuka, kwa sababu hakumjua. Mwanawe wa kwanza, na hakumjua.

"Wewe ndiye mume wake?" mama akamwuliza.

Kaka yangu hajapata kusema uongo, hata ule mdogo wa kumfurahisha mtu. Shuleni alikuwa akijishtaki mwenyewe. Akamtazama paka, akanitazama mimi.

"Ndiyo, mama," akasema. "Ni mimi."

"Sasa ndiyo unakuja? Na gari lile nje ni la nini?"

"Nilikuwa... nilikuwa nimekuja kumsafirisha. Dar es Salaam."

"Kumsafirisha nani?" Mama alisimama. "Mwanamke huyu? Mimba pevu, mtoto amekingama, umtie garini, umrushe rushe barabarani mpaka Dar es Salaam? Una akili wewe? Hapa hatoki mtu. Mimi mwenyewe sitoki, na kwetu wananingoja. Atakwenda huko kwako akishajifungua, salama."

Nilikuwa nimeuma ncha ya kanga. Kaka aliinamisha kichwa, mzee mzima mwenye mvi zake, kama alivyokuwa akiinamisha mama alipomkuta ameoga mtoni bila ruhusa.

"Atajifungua lini?" akauliza kwa sauti ndogo.

"Leo au kesho, inshallah."

Kaka alikaa kwenye kigoda. Alikaa pale mpaka adhuhuri, na mama alimpa kazi ya kupepea mgonjwa kwa kipepeo cha mkaa. Alipepea. Shoga yangu alipovuka njia akamkuta katika hali hiyo, hakuuliza kitu, alirudi kwao kwenda kuchekea ndani. Baada ya chakula kaka alichukua lile begi la magurudumu, akatoa kanga za mama moja moja, akanirudishia kabatini zimekunjwa vizuri kuliko nilivyozikunja. Begi akaliacha. Akasema nitatilia vitambaa vya kushonea.

Jioni alipokuwa anaondoka, mama alimsindikiza mpaka mlangoni, hapo tu. Akamwambia asiwe na wasiwasi na mkewe, yuko mikononi mwa mtu. Akamwombea dua ya safari, ndefu, ile ile aliyokuwa akituombea tukienda shule ya bweni, bila kukosa hata neno. Kaka aliipokea dua kwa viganja vyote viwili. Garini alikaa kitambo kabla ya kuwasha.

Baadaye kila alipokuja alileta betri, pakiti nzima, na za mashine yake ya presha kando. Na kila Ijumaa baada ya sala ananipigia simu. Haulizi kama mama ametoroka, wala habari za geti hazipo tena. Anauliza tu, "Mke wangu amejifungua?"

Namjibu, "Bado. Leo au kesho."

Ramadhani ile ilipita, na nyingine imepita. Mama sasa haniiti kwa jina, ananiita mwanangu kama anavyomwita kila mtu, na miguu haimruhusu tena kufika hata kivukoni. Lakini asubuhi bado ananawa mpaka viwikoni, na paka, ambaye manyoya ya tumboni yamemwisha kabisa kwa kukandwa, bado anakoroma. Ijumaa iliyopita kaka alipiga kama kawaida, nami nikamjibu kama kawaida. Nilisikia honi za magari ya kwao huko, na yeye anapumua.

"Mwambie mke wangu," akasema, "asiwe na haraka."